Maji Niliyoyaweka Kwenye Ramani

Tume,

Sianzi na salaam. Salaam nitakupa kesho kwa mkono. Wala sitakuandikia habari za kufunga dirisha, kuchemsha maji ya kunywa, au kutompa mtu usiyemjua simu yako eti apige dakika moja tu. Hayo nimekuimbia tangu uanze shule, na kama hayajakuingia mpaka leo, basi tena. Umeenda mjini kuaga marafiki zako na umesema utarudi baada ya alasiri. Nina muda wa kutosha kuandika jambo moja ambalo nimelikwepa tangu hujaota meno.

Wiki iliyopita uliniuliza swali. Ulikuwa umetandaza ramani ya kazi yako mpya hapo kwenye mkeka, pembe zake umezibana kwa vikombe vyangu vya wageni. Ukaweka kidole mahali ukasema, "Mama, kwani huku upande wa mawe hakuna maji kabisa? Ramani iko tupu." Nikakujibu hakuna, huko ni mawe na nyoka tu. Kisha nikaenda jikoni kufunika sufuria ambayo haikuwa na kitu. Nilihisi macho yako mgongoni.

Nilikudanganya. Na baada ya kukudanganya nikaanza kukushuku. Unanijua. Baba yako, ambaye sasa hivi yuko na lori lake kwenye barabara ya Moyale na anakusalimu, husema mimi hushuku hata mvua, kwamba ikinyesha mimi hutoka kwanza kuangalia ni jirani gani amemwaga maji. Nilijiuliza: huyu mtoto ananiuliza kama mtoto, au ananiuliza kama ofisi? Ni nani aliyemwambia aanze na mimi? Mbona ameuliza kwa sauti ya chini hivyo, kama mtu anayemkaribia mbuzi asikimbie?

Jumamosi ulipoingia kuoga nilifungua mkoba wako. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilifungua. Nikakuta barua ya kazi, fomu za maswali, na daftari. Kwenye ukurasa wa kwanza umeorodhesha watu wa kuhojiwa, na jina la kwanza ni langu. Mbele yake umeandika maneno mawili: Anajua. Anaficha. Nikasikia mlango wa bafu, nikarudisha kila kitu mahali pake, na kwa siku tatu nilikuwa nakujibu kwa kuguna. Ulidhani ni presha imepanda. Haikuwa presha. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa najiambia, na hizo nguo zenyewe nimemnunulia mimi.

Hasira ilipopoa niliona kwamba hukukosea hata herufi moja. Najua, na naficha. Ila wewe unadhani nimeficha maji. Nimemficha mtu. Nimemficha aliyetoa maji ya babu yako kwa wageni, na mtu huyo ni mimi mama yako.

Inabidi ujue kabla hujafika Nairobi, kwa sababu huko mtakalishwa darasani mfundishwe kuandika mpango mpya wa hifadhi yetu, na kabla ya mpango mpya lazima mtasoma ule wa zamani. Kwenye ukurasa wa mwisho kuna shukrani, kwa Kiingereza. Jina langu la usichana liko mstari wa tatu. Sitaki ukutane nami huko mbele ya watu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, msichana pekee wa kwetu mwenye cheti, na nilikiringia. Hifadhi ya jamii lilikuwa jambo geni. Shirika moja lilituma watu wake, wakasema wanataka ardhi ibaki mikononi mwetu, ng'ombe na wanyamapori walishe pamoja kwa mpango ulioandikwa, na wawindaji haramu wafukuzwe. Hawakuwa watu wabaya. Nimewatafutia ubaya kwa bidii miaka mingi na sikuupata wa kutosha. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja mpole, alikula chakula chetu bila kukikagua, na "nagaya" ya kusalimia aliitamka vizuri kuliko wewe. Walihitaji mkalimani, nikaandikwa mimi.

Siku moja walitaka kuwasikiliza wanawake peke yao. Walisema wanaume wanajua malisho lakini wanaojua maji ni wanawake, na hapo hawakukosea. Tukakusanyika kwenye uwanja wa shule ya msingi. Ramani ilichorwa chini, kwenye vumbi, kabla ya kuhamishwa kwenye karatasi. Tulimwaga jivu kuonyesha laga, yaani mto mkavu, tukatandaza mavi ya mbuzi palipo na maboma, punje za mahindi palipo na wanyama wa porini, na mawe palipo na maji. Wanawake walicheka sana siku hiyo. Walibishana kama punda milia wanatosha punje tano au kumi, na kuku mmoja akaja akala twiga wote.

Waliweka mawe matatu, wakakaa chini. Yule mama akaonyesha upande mmoja uliobaki mtupu. "Na huku je?"

"Huko hakuna kitu," wakajibu wote pamoja.

Walijibu pamoja mno. Mimi nilijua kwamba huko kuna maji ya nne, na kila mwanamke aliyekaa pale alijua kwamba najua. Akko, mama yangu, alikuwepo. Nyanya yako wakati ule macho yake yalikuwa mazima, na aliyaelekeza kwangu moja kwa moja.

Wewe umesomea wanyamapori chuoni, lakini hili sidhani walikufundisha. Kwetu habari za majani na maji hazimwagwi mbele ya mgeni. Hata mtu aliyetumwa kwenda kuchunguza malisho akirudi, hakuna anayemuuliza kitu njiani. Hukaa, hunywa maziwa, kisha huwaeleza wazee wa dedha, wale wanaopanga nani alishe wapi na lini, hatua kwa hatua, na mgeni akiwa ameshaondoka. Mgeni akiuliza wapi kuna maji mazuri, huonyeshwa yanayofuata kwa uzuri. Sisi hatuiti uongo. Ni tahadhari ya watu waliokwisha kuona kiangazi.

Yule mama akanivuta pembeni. Alikuwa na karatasi yenye nukta nyekundu. Kuna punda milia walikuwa wamefungwa ukosi shingoni, ukosi wenye kifaa cha kuonyesha wanakokwenda, na kila kiangazi nukta zao zilikuwa zinaelekea upande ule mtupu na kukaa huko. "Lazima kuna kitu wanakunywa," akaniambia. "Labda akina mama hawapajui?"

Angeniambia akina mama wanadanganya, ningekasirika na kuwatetea. Lakini aliposema hawajui, ilinichoma. Nilimwona akifikiri kwamba punda milia wana akili kuliko mama yangu. Na mimi nilikuwa na cheti, nilikuwa na kalamu tatu mfukoni, na nilitaka mgeni aende akijua kwamba kwetu kuna watu wenye maarifa. Nikarudi kwenye ile ramani ya vumbi, nikainama, nikaokota jiwe, nikaliweka.

Hakuna aliyenipigia kelele. Mwanamke mmoja alivuta lesso yake mdomoni. Mwingine akaanza kumsifu mtoto wake kwa jirani, bila sababu yoyote. Akko akainuka akasema anaenda kutia majani kwenye chai, na chai ilikuwa tayari kwenye birika.

Na hata hapo sikunyamaza, Tume. Yule mama alifurahi sana, akaniuliza kama mifugo hupelekwa pale. Nikamwambia hapana, wazee wamekataza. Ilikuwa kweli, lakini nusu. Sheria ya dedha ilikuwa inasema: pale hapaguswi mpaka maji mengine yote yakauke. Nilimpa mwanzo wa sheria nikaacha mwisho wake, kwa sababu niliona mwanzo unampendeza. Akapiga makofi. "Kumbe ninyi wenyewe mmeshapahifadhi!" Nami nikatabasamu kama ndiye niliyepahifadhi.

Nililifikiria lile jiwe kwa miaka mingi. Siku hizi nafikiria zaidi ile nusu niliyoimeza. Jiwe wangeweza kulipata wenyewe, punda milia wangewapeleka. Ile "mpaka" hakuna kifaa ambacho kingewaonyesha. Ilikuwa kwenye vichwa vyetu tu, na mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa siku hiyo.

Mpango ulipotoka, pale palikuwa pamepakwa kijani kibichi, eneo la wanyamapori peke yao, na alama ya maji imeachwa ili wawindaji wasiione. Wazee walisomewa kwenye mkutano wa hoteli hapa mjini, ukurasa baada ya ukurasa, wakala nyama wakanywa soda, na mkalimani wa siku hiyo hakuwa mimi, nilikuwa nimeshaolewa hapa Kiwanjani. Hakuna aliyeuliza habari za kiangazi, kwa sababu sheria ya kiangazi kila mtu aliijua. Ni nani anayesimama kwenye mkutano kuuliza jambo ambalo kila mtu analijua? Tulidhani karatasi nayo inalijua.

Kiangazi kilikuja ukiwa unanyonya. Kilikuwa kile cha watu kuuza mabati ya nyumba. Maji ya kwanza yakakauka, ya pili, ya tatu, na babu yako na mjomba wako Guyo wakaswaga ng'ombe kuelekea ya nne, kama wazee walivyoruhusu. Walipofika walimkuta askari wa wanyama amesimama kwenye mpaka. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto, ndugu yetu wa mbali, si mtu wa kuja. Guyo alinisimulia maneno yao.

"Mzee, nisamehe," askari akasema. "Mimi nimeandikwa kazi. Hii karatasi inasema ni wanyama tu ndio inaingia hapa."

"Na hizi ni nini?" babu yako akamuuliza. "Ni pikipiki?"

Yule askari akalia. Hakuwaruhusu, lakini alilia. Walikaa pale siku mbili wakisubiri mkubwa wake aje, na mkubwa alipokuja alikuwa na karatasi ileile. Wakageuka. Ng'ombe walianza kuanguka njiani kurudi, na sitakuandikia jinsi babu yako alivyowaita kwa majina yao, kwa sababu Guyo alipofika hapo katika kusimulia alinyamaza na mimi sikumwomba aendelee.

Babu yako alikuja hapa nyumbani. Alikaa kwenye kile kiti cha mlangoni, vumbi mpaka kwenye nyusi, akakataa chai. Akauliza swali moja tu. "Hao watu walijuaje kuna maji pale? Ni nani aliwaonyesha?"

Nilikuwa nakuhamisha kutoka titi moja kwenda jingine. Nikasema, "Labda ni ndege zao, baba. Wanaona kila kitu kutoka juu."

Akanitazama kwa muda mrefu, akakutazama na wewe, kisha akaondoka. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku hiyo ulijikunja kama kamba. Alikufa miaka michache baadaye bila mimi kumwambia. Kila nilipoenda kumsalimu nilikuwa nimejiandaa kusema, na kila mara nilikuta mgeni, au amelala, au mimi mwenyewe nimekumbuka kwamba nimeacha nguo kwenye kamba.

Sasa usije ukaenda kazini ukidhani mama yako anakutuma ukaivunje hifadhi. Mambo si rahisi hivyo, na hilo ndilo linaloniudhi. Pale palipofungwa nyasi zimerudi, hata Guyo anakiri. Punda milia wale wenye mistari myembamba wanazalia pale. Wawindaji wa pembe hawaonekani, na mifugo ikiibwa, askari wa hifadhi ndio wanaoifuata nyayo usiku na mchana. Halafu kuna wewe. Karo yako ya sekondari ilitoka kwenye mfuko wa elimu wa hifadhi hiyohiyo. Nilienda ofisini kwao kuomba fomu, nikaijaza kwa mwandiko wangu mzuri, nikasema asante. Nilipokuwa natoka nilimkuta pale mlangoni yule askari aliyelia. Tulisalimiana kama watu wasiojuana.

Kwa hiyo hata shukrani zangu nazishuku. Unapokaa na watu wa ofisi utanielewa. Mtu akitamka "jamii" mara tatu kabla ya chai, mimi huanza kumhesabu vidole. Nikisifiwa naangalia kama mlango uko wazi. Nadhani wewe unacheka hapo, lakini kumbuka kwamba siku nilipofanya kosa kubwa kuliko yote hakuna aliyenidanganya wala kunitisha. Nilisifiwa tu. Yule mama alinishika bega akasema mimi ni daraja kati ya watu wangu na ulimwengu. Nililala na neno hilo wiki nzima. Sikuwaza kwamba daraja hukanyagwa na kila mtu na halimuulizi yeyote anakokwenda.

Utaenda vijijini na fomu zako. Watakukaribisha, watakujibu, na kuna mahali watanyamaza, au watajibu wote kwa pamoja. Sikuambii ufanye nini hapo. Mimi nilijaza ule ukimya kwa jiwe, na kwa nusu ya maisha yangu nimetamani ningeuacha mtupu na kumwambia yule mama, "Wanajua, ila hawataki kusema. Waulize kwanza utafanya nini na watakachokuambia." Labda angeuliza. Alikuwa mtu wa kuuliza. Sikumpa nafasi hiyo, na siku hizi simlaumu tena kama zamani.

Niliyokuambia kuhusu upande wa mawe ni uongo. Hiyo ndiyo nusu ninayoweza kukupa, na hata barua hii siiamini kiasi cha kuandika nusu nyingine, yaani yako wapi hasa. Maji si yangu. Yana wenyewe, na nimeshayatoa ya watu mara moja. Nenda ukakae nao, unywe maziwa, na wakikuambia mahali fulani hapaguswi, waulize mpaka lini. Kisha uandike yote mawili.

Nilitaka barua iishie hapo. Lakini leo asubuhi ulipokuwa bado umelala nilienda chumbani kwa Akko. Nilijiambia kabla ya kumwambia mtoto nimwambie mama, maana yeye aliliona lile jiwe na miaka yote hii hajalitaja hata siku moja. Nimemshuku kwa hilo pia. Nilidhani ananiwekea, kwamba iko siku tutagombana naye atalitoa.

Alikuwa amekaa kitandani na tasbihi yake. Nikasema, "Mama, lile jiwe la siku ile shuleni..."

"Kwani ni leo unaniambia?" akasema. "Mimi si nilikuwa hapo?"

"Sikumwambia baba."

"Najua. Mimi ndio nilimwambia."

Nilikaa chini sakafuni. "Ulimwambia ni mimi?"

"Nilimwambia ni mimi."

Sikuelewa, nikamwomba arudie. Akarudia taratibu, kama mtu anayemwelekeza mpita njia. Babu yako alipotoka hapa kwetu siku ile alienda kumuuliza yeye swali lilelile, na alikuwa ameapa kwamba aliyeonyesha maji yale atamlaani mbele ya ukoo wote. "Wewe ulikuwa na mtoto kwa titi," Akko akasema. "Laana ya baba inaingia kwa maziwa. Mimi maziwa yangu ilikuwa imeisha kitambo. Sasa angelaani nini?"

"Na akakulaani?"

"Alishindwa. Aliacha tu kula chakula yangu."

Nilikumbuka, Tume. Mpaka anakufa babu yako alikuwa anapikiwa na mke wa ndugu yake. Sisi sote tulisema ni huzuni ya ng'ombe, mzee amekuwa mgumu. Nilimshuku hata yeye, nikadhani anatafuta mke wa pili. Na mjomba wako Guyo, ambaye kila Idd hutuletea sukari akaiacha getini bila kuingia ndani, bila kumsalimu mama yake aliyemzaa, mimi nilikuwa na hakika kwamba ameficha mifugo ya urithi na anaogopa Akko atamuuliza. Nimekuambia hivyo wewe mwenyewe, nimewaambia na majirani. Guyo hajaficha hata mbuzi. Aliambiwa na baba, na mpaka leo anaamini mama yake ndiye aliyeuza maji ya baba yake. Miaka yote hii shaka zangu zilikuwa zinazunguka mji mzima kumtafuta mwenye kosa, na mimi ndiye niliyekuwa nikizifungulia mlango asubuhi na kuzipokea jioni.

Nilimwambia Akko nitamweleza Guyo. Akakataa. Akasema, "Wacha. Nimezoea." Akaendelea na tasbihi.

Nililia sana, na yeye akanipapasa kichwani akitafuta uso wangu ulipo, maana haoni tena vizuri. Kisha akaniambia jambo jingine, kwamba hata wewe ulimuuliza mwezi uliopita ni nani aliyeonyesha maji ya nne, naye akakupa jibu lilelile. Kwa hiyo huenda kwenye daftari lako, kwenye kurasa ambazo sikuzifikia, umeandika jina lake. Lifute. Andika langu, la usichana na la sasa, na uliache hapo hata likisomwa na wakubwa wako. Hiyo ni amri, na ndiyo pekee ninayokupa katika barua hii.

Nimempigia Guyo simu kabla ya kushika kalamu. Nikamwomba aje kesho kukuaga.

"Nitakuja kumuona mtoto," akasema. "Lakini mimi siingii ndani, unajua hivyo."

"Najua. Nitakukuta getini."

Akauliza, "Kwani kuna nini?" Nikasikia kwenye sauti yake kwamba ananishuku, na nikaona ni haki yake.

Nitamwambia palepale getini, kabla gari lako halijafika, na nataka usimame karibu usikie, ili usije ukasimuliwa na mtu mwingine. Naogopa. Sijui atafanya nini. Ukimwona anageuka kuondoka, usimfuate kumbembeleza, na mimi usinionee huruma. Nitamsubiri kwa muda wowote atakaotaka. Lakini ukimwona anavua viatu, chukua begi lako uende zako bila kutuaga. Akko atasikia hatua mlangoni na atauliza ni nani, na mimi nitamwacha Guyo ajibu mwenyewe.

Mama yako